Meka Moja kwa Kila Kichwa

Mwaka ule wa tisini na tatu, katika Lubumbashi, mwalimu aliyelipwa mshahara wake alikuwa habari ya kusimuliwa baada ya misa. Noti zilitoka benki asubuhi zikiwa pesa, zikafika saa ya bukari, ule ugali wa kule, zimekuwa karatasi. Kampuni ya migodi ilikuwa imeacha kuwagawia wafanyakazi unga, askari walikuwa wameshapora maduka, na mtu mwenye akili aliweka mali yake katika vitu vinavyoliwa. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na Albertine Ngosa hakuwa mtu wa kukaa chini kuyalilia.

Albertine alikuwa CP, yaani kiongozi wa darasa, wa mwaka wa kwanza wa uchumi. Walimchagua kwa sababu ya sauti yake, maana alikuwa anaweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila hata kunyanyua kidevu. Huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kwa mara ya tatu. Usicheke, hakufeli. Mara mbili chuo kilifungwa kabla ya mitihani, mwaka ukafutwa, wakauita mwaka mweupe, année blanche, na kila mtu akarudi pale alipoanzia. Baba yake, mzee Gérard, mstaafu wa reli, alikuwa ameshasema neno lake, na yule mzee hakuwa na mazoea ya kusema neno mara mbili. Mwaka ukiwa mweupe tena, Albertine angepanda lori kwenda Pweto kwa shangazi yake Lydie kuuza samaki wakavu. Albertine hakuwadharau samaki. Wamewasomesha watu wengi. Lakini uchumi ulikuwa umemkolea, na hakutaka kuuacha njiani.

Ili mwaka uhesabiwe, masomo yote yalipaswa kumalizika na mitihani ifanywe. Mengine yalikuwa yamekwisha, kwa kukimbizwa-kimbizwa. Lililobaki lilikuwa moja tu, microéconomie ya Profesa Léonard.

Sasa, profesa katika chuo kile aliishi kwa syllabus. Ni kijitabu cha somo lake, kimepigwa chapa na kubanwa pini, ambacho anawauzia wanafunzi wake mwenyewe. Usiponunua, hufaulu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuisahau. Lakini karatasi zilikuwa zimeadimika mjini, wino pia, na mashine ya kuchapia iliondoka mabegani mwa watu siku ya uporaji. Profesa Léonard akabaki na sauti yake tu, na sauti haibanwi pini. Vioo vya madirisha navyo vilikwenda siku ile ile, hata ukikaa nje ukutani ulipata somo lote, pamoja na kikohozi cha profesa.

Jumatatu moja mwanzoni mwa mwezi, profesa aliweka chaki chini kabla saa yake haijaisha.

"Bana yangu, sitabadanganya," aliwaambia wanafunzi wake. "Kule Kitwe, ku Zambia, iko shule moja inaniita. Camion itaondoka mwisho wa mwezi. Bibi yangu Mama Hortense ananiuliza, hii mustari ya ku ubao, courbe ya demande, tutaipika na mafuta gani? Munipatie gunia moja ya bunga kila mwezi mpaka ku examen, nabakia. Hakuna gunia, hakuna Léonard."

Alidai unga hivyo bila hasira na bila aibu, kama mtu anayetaja saa ya treni. Hakuna aliyemlaumu. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwake ulikuwa mtupu muda mrefu.

Albertine akaitisha mkutano siku ile ile. Alihutubu, na alihutubu vizuri, maana alikuwa anajua kuhutubu. Wanafunzi wakapiga makofi, wakasema kwa pamoja kwamba haba na haba hujaza kibaba, wakaenda nyumbani wamefurahi. Kesho yake gunia likawekwa mbele ya ubao. Hadi jioni, hizo haba na haba hazikufunika hata kitako chake.

Kila mmoja alikuwa akimngoja Kahambu. Kahambu alikuwa binti wa mzee Lévi, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ambaye malori yake yalileta unga kutoka mpaka wa Zambia. Watu waliwaza, unga unaomwagika tu nyuma ya lori la baba yake unatosha kumlisha profesa hadi Noeli. Kahambu alitoa meka yake moja, lile bakuli la bati wanalopimia unga sokoni, akaishia hapo.

"Nikijaza leo," alimwambia Albertine, "mwezi unaokuya mutakaa kuniangalia tena miye. Baba anasemaka, mteja akizoea bure, haulizake tena beyi."

Albertine aliona ni kweli. Aliyemkera hasa alikuwa Damien.

Damien alikuwa kijana mwembamba wa Katuba, mwenye shati safi lililofuliwa hadi rangi ikaomba kupumzika. Hakuleta unga hata chembe. Tangu habari ya gunia ianze, hakuingia tena darasani. Alikaa nje kwenye tofali, chini ya dirisha, na hakukosa somo hata moja. Wenzake wakampa jina la Clandestin, maana profesa aliwafundisha juu ya passager clandestin, yule abiria anayepanda treni bila tiketi kwa kuwa anajua treni itaondoka tu. Damien alilipokea jina hilo kwa kicheko. Tena alijitetea, na alijitetea kwa somo lenyewe.

"CP, sikia," Damien alisema, Albertine alipomfuata. "Bengine bakileta bunga, Prof anabakia, na miye nasikia bure. Bengine bakikatala, Prof anaenda, na bunga yangu inapotea bure. Pande zote mbili, muzuri nibakie na bunga yangu. Haiko vile Prof alitufundisha?"

"Mwizi wa masomo!" Albertine alimwambia, na lile koo lake likawafikishia habari hata watu wa kitivo cha sheria.

"Mwizi anabebaka kintu," Damien alijibu kwa upole. "Miye nimebeba nini? Somo si iko pale pale?"

Albertine aliondoka akiwa amekasirika mara mbili, kwanza kwa ukaidi wa yule kijana, na pili kwa sababu hakuwa na jibu. Mtu mwenye hasira na asiye na jibu hutafuta nyundo. Alimchukua Kahambu, wakatafuta magunia chakavu na misumari, na wakati wengine wako ndani wanasikiliza sura ya élasticité, yaani jinsi mnunuzi anavyoyumba bei ikipanda, wao wawili walikuwa nje wakigongelea magunia madirishani, ili asiyelipa asisikie.

Umeme haukuwepo. Dirisha la mwisho lilipozibwa, darasa likawa giza tupu, joto likapanda, na Profesa Léonard, aliyekuwa anachora mstari, akaupeleka nje ya ubao hadi ukutani. Waliotoa unga wakawa wamelipia giza. Na Damien pale nje alisikia kila neno, kwa kuwa gunia halizuii sauti.

"Albertine," profesa aliita, "toa hii bintu. Miye sifundishake popo."

Akayatoa. Alikuwa anang'oa msumari wa mwisho, jasho linamtoka, huku maneno ya Damien yakimzunguka kichwani, ndipo alipoona kwamba hoja ya yule mkaidi ilisimama kwa miguu miwili. Mguu mmoja ni hofu kwamba unga wangu utapotea bure. Mwingine ni tumaini kwamba wenzangu watatosha bila mimi. Albertine akaanza kucheka peke yake pale juu ya kiti. Hoja yenye miguu miwili, ukiikata yote, itakwenda wapi?

Kesho yake alisimama mbele ya darasa na gunia jipya. Alikuwa ameshonea uzi mwekundu karibu na mdomo wake.

"Munisikie muzuri, na bale ba inje pia," alisema. "Kila muntu meka moja. Hakuna kuleta mbili, hata Kahambu. Samedi saa sita, gunia ikifika ku huu uzi, iko ya Prof. Ikikosa hata meka moja, kila muntu anarudia na bunga yake ku nyumba. Hakuna bunga itapotea. Na nimepima, huu uzi uko juste na vichwa byetu byote. Hakuna wa kuzidi."

"Na muntu mumoja akikatala?" aliuliza Paulin, kijana wa mstari wa mbele aliyependa kuuliza.

"Basi huyo mumoja njo atakuwa alimufukuza Prof. Na jina yake tutaijua."

Hata wale wabahili walianza kutazamana, maana sasa hapakuwa na mahali pa kujificha. Ukitoa, hupotezi kitu. Usipotoa, umekata tawi ulilokalia. Albertine alishuka jukwaani akijua ameshinda. Alijua kabla gunia halijapokea hata kiganja kimoja, na kujua huko kulimfanya atembee siku zile kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumamosi unga ukaja. Ulikuja ndani ya mifuko ya plastiki, ndani ya sufuria, ndani ya kofia. Walikuja hata wale ambao mwanzoni walijifanya wagonjwa. Mama Hortense, mke wa profesa, alikaa kwenye dawati la nyuma akitazama gunia linavyonenepa. Profesa mwenyewe alisimama mlangoni na chaki mfukoni. Karibu na saa sita, watu wote walikuwa wameshamimina, na unga ulikuwa umesimama chini kidogo ya uzi mwekundu. Pengo lilikuwa la meka moja.

Watu wakatazama dirishani.

Albertine alichukua bakuli tupu, akatoka nje, na darasa zima likamfuata. Siku hii alikuwa ameingoja. Damien alikuwa ameketi kwenye tofali lake.

"Clandestin," Albertine alisema, "leo hesabu yako inasema nini? Ukileta, Prof anabakia. Ukikatala, Prof anaenda, na weye pia unakosa. Pande zote mbili, eh?"

Watu wakacheka. Damien akasimama, akafikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani, kisha akatikisa kichwa kwa heshima.

"Umenishinda, CP. Iko juste. Leo faida yangu ni kuleta."

"Basi leta."

Albertine akamnyooshea bakuli. Yule kijana alilitazama, na kile kicheko alichokuwa anakivaa kila siku kikamtoka usoni.

"Siko nayo," alisema taratibu.

"Utaleta kesho, basi. Prof atangoja siku moja."

"Hata kesho siko nayo. Kwetu tunakunywaka mulenda ya maji tu, mboga bila bukari, toka mwanzo ya mwezi. Mama anasema iko dawa ya tumbo."

Kicheko cha watu kikakatika. Albertine alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni hadi masikioni. Wiki zote hizi aliona ujanja wa kijana huyu, asione njaa yake. Damien alikuwa ameona afadhali aitwe mwizi mwenye akili kuliko aitwe mwenye njaa, na yeye, Albertine, ndiye aliyelitangaza jina hilo chuo kizima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kibaya zaidi, yeye hata shibe yenyewe hakuwa nayo.

"Kahambu ajaze!" Paulin akapaza sauti, na wengine wakadakia. "Kahambu! Bunga iko mu camion!"

Ilikuwa kweli. Lori la mzee Lévi lililomleta Kahambu lilikuwa limesimama barabarani, na ndani ya kabini mlikuwa na mfuko wa unga. Albertine alifungua kinywa akubali. Kisha akakifunga. Kahambu akijaza leo, mwezi ujao uzi mwekundu utakuwa pambo tu, kila mtu atakaa kumngoja Kahambu, na profesa atapanda lori la Kitwe huku watu wanaimba haba na haba. Na yeye atakuwa Pweto anapangua samaki.

"Hapana," alisema Damien mwenyewe, kana kwamba amemsoma. "Ukivunja hii sheria leo, mwezi unaokuya kila muntu atakuwa miye. Na tena miye siombe. Murudishie bantu bunga yabo." Akaokota begi lake.

"Ngoja kwanza!" Albertine alisema. Akili yake ilikuwa imeanza kukimbia, na ikikimbia hakuna aliyeishika. "Damien, chapitre ya élasticité, uliishika?"

"Yote."

"Kahambu, weye je?"

"Miye?" Kahambu akacheka. "Ile siku nilikuwa na weye, tunagonga misumari. Hata kwa kuiandika, siiweze."

"Basi hapa iko soko. Mumoja iko na bunga na haina chapitre. Mwengine iko na chapitre na haina bunga. Munangoja nini?"

Kahambu alimtazama Damien. Kisha akakunja mikono kifuani, akabadilisha sauti, ikawa kavu.

"Beyi ngapi?"

"Meka moja," Damien akajibu kwa shida.

"Meka nzima juu ya chapitre moja? Unaniona mujinga? Meka moja, chapitre tatu."

Watu wakanung'unika. Binti wa tajiri, lori lake liko pale, anabishana bei na mtu aliyelala na maji! Albertine naye alitaka kumkemea. Lakini alimwona Damien. Mabega ya Damien yalikuwa yamenyooka, macho yamewaka. Ndipo Albertine akafahamu kwamba Kahambu alikuwa anajua biashara kuliko wote. Bei isiyobishaniwa ni sadaka, na sadaka ndiyo kitu pekee ambacho kijana huyu asingekipokea.

"Tatu?" Damien akafoka. "Élasticité peke yake, ku kichwa kama yako, ni kazi ya siku mbili!"

Watu wakaangua kicheko. Kahambu mwenyewe aliuma mdomo ili asicheke.

"Mbili, basi. Na ukinifundisha mubaya, narudisha."

"Mbili. Lakini unakuya kwa wakati."

"Na matabishi yangu?" Kahambu akauliza. Katika mji ule muuzaji yeyote huongeza kidogo juu ya kipimo, na asiyeongeza haoni mteja mara ya pili.

Damien akafikiri. "Bon. Beyi ya bunga ikipanda, kwenu munapunguza bukari?"

"Kidogo sana. Tutakula nini?"

"Na beyi ya parfum yako ikipanda?"

"Naiacha."

"Basi umeshajua nusu ya chapitre. Iyo njo matabishi."

Mfuko ukaletwa. Damien alichota meka yake mwenyewe, imejaa, akaingia nayo darasani na kuimimina kwa mkono wake. Albertine akasawazisha unga kwa kiganja, na uzi mwekundu ukazama. Mama Hortense akapiga kigelegele kimoja kirefu, akamwambia mumewe amtumie dereva wa Kitwe habari kwamba kiti cha Léonard kiko wazi. Watu wakakimbilia madawati.

"Weye Damien," Kahambu akaita. Alikuwa bado amechuchumaa mlangoni kando ya mfuko. "Miye pia si nimekuuzishia bunga? Kwenu habaombake matabishi?"

Kahambu alifungua kitambaa chake cha kichwani, akakitandika sakafuni, akaweka kiganja cha unga. Akaweka cha pili. Akaanza kumsimulia Albertine habari za dereva wa baba yake aliyechumbia mabinti wawili wa nyumba moja, na huku akisimulia, viganja vyake viliendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka kitambaa kikafanya kilima. Lilikuwa darasa zima la wachumi pale, na hakuna aliyehesabu.

Damien alifunga pembe za kitambaa. Profesa alikuwa ameshatoa chaki na kuandika kichwa cha somo ubaoni. Yule kijana ambaye hakuwahi kukosa hata kikohozi cha profesa alisoma kile kichwa cha somo, akatazama kifurushi kilicho mikononi mwake, akageuka na kutoka.

"Damien! Tunaanza!" Albertine aliita kwa koo lake lote.

Hakugeuka. Alikuwa ameshika barabara ya Katuba, kwanza anatembea kwa haraka, kisha anakimbia, kifurushi amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Albertine akarudi kukaa mstari wa mbele. Akafungua daftari, akanoa penseli, na siku hiyo, yeye ambaye mwandiko wake hata mwenyewe ulimshinda kuusoma, aliandika kila neno kwa herufi kubwa na safi, akachora kila mstari kwa rula, na pale profesa alipokwenda kasi alinyanyua mkono na kumwomba arudie, maana kulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye hakusikia.